Kinyago Kisichotisha

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Aghalabu methali hiyo hutumika kumsuta mtu aliyeinuliwa na wenzake kisha akawageukia kwa kiburi, na ni nadra kwa anayeitamka kukumbuka kwamba ndani yake yumo mchongaji wa kweli, mwenye tezo mkononi na vumbi la mti nyusini. Methali imempa mchongaji huyo ujasiri wa kutokiogopa alichokifanya. Haikusema lolote juu ya wengine watakaokikuta kinyago hicho gizani, wala haikuuliza iwapo mwenyewe alikuwa akikiogopa kabla hajakichonga.

George Lilanga, Mmakonde aliyefariki dunia Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005, alichonga na kuchora mashetani kwa zaidi ya miaka 30, na katika umati wote huo ni shida kumpata hata mmoja anayetisha. Wana matumbo ya mviringo na masikio yaliyotanda kama majani ya magimbi. Vinywa vyao vipana huonesha meno bila haya, na miguu yao huishia kwenye vidole viwili vikubwa, kana kwamba aliyewaumba alichoka kuhesabu. Wanacheza ngoma, wanabebana, wanasengenyana, wanapokezana kata ya pombe. Mtazamaji huanza kwa kutabasamu, na baadaye, akisharudi kwake, hujiuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akikichekea. Swali hilo ndilo linaloifanya kazi ya Lilanga istahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa na wale wanaoinunua kwa sababu tu inachangamsha ukuta.

Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, Masasi, kusini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Alipoanza kujifunza kuchonga hakushika mpingo. Alishika muhogo. Wanaosimulia maisha yake hulitaja jambo hili kwa mkato, kama kichekesho kidogo cha utangulizi, kisha wakakimbilia miaka ya umaarufu. Yafaa kusimama hapo kidogo. Muhogo uliomenywa ni mweupe na mtulivu; kisu hupita ndani yake bila kubishana, na mwanafunzi hupata sura ya mtu kabla mikono haijachoka. Lakini muhogo hauna subira. Ukiuacha juani hunyauka, hujikunja, shavu likaingia ndani na pua ikapinda, na sura iliyokuwa ya kijana asubuhi ikawa ya kizee jioni. Usipouacha juani, basi una njia moja tu, nayo ni chungu. Aliyejifunza kwa muhogo amejifunza mambo mawili ambayo mpingo haumfundishi mtu: kwamba kilichochongwa si lazima kidumu, na kwamba sura ikiharibika yenyewe, huenda ikawa nzuri zaidi.

Baada ya muhogo ulikuja mti laini, na baada ya mti laini ndipo ukaja mpingo. Mti huo hukua polepole mno. Huchukua miongo mingi hadi kiini chake cheusi kinenepe kiasi cha kumtoshea mchongaji, na kiini hicho ni kigumu hata makali ya patasi husalimu amri mara kwa mara. Mpingo humtaka mtu aamue mapema na asijute. Ukishakosea umekosea, na hasara ni ya siku nyingi za kazi. Ndiyo maana vinyago vingi vya mpingo, hata vilivyo bora, vina uzito wa kitu kilichofikiriwa sana. Lilanga aliuweza mpingo, lakini moyo wake, kwa ushahidi wa kazi zake zote za baadaye, ulibaki kwenye muhogo.

Wamakonde wana ngoma yao ya mapiko, ichezwayo khasa wakati vijana watokapo jandoni. Mchezaji huvaa kichwani kinyago cha mti mwepesi, kiitwacho lipiko, na mwili wote akaugubika nguo, ili asijulikane ni mtoto wa nani. Anapotokea uwanjani, watoto na wanawake hukimbia. Naye huwakimbiza, akasimama ghafla, akatikisa kiuno, na waliokuwa wakikimbia wakarudi wakicheka. Kisha hukimbia tena. Sura za vinyago hivyo si za mizimu peke yake. Wachongaji wa mapiko wamekuwa wakimchonga kila aliyepita mbele yao: mzee wa kijiji, mgeni wa Kizungu, mfanyabiashara wa Kihindi, askari, mwanamke mwenye ndonya. Huko ndiko khofu na kicheko vinakolala kitanda kimoja, na mtoto aliyelelewa karibu na uwanja wa mapiko hahitaji kufundishwa na msomi yeyote kwamba kitu kimoja chaweza kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Alishayaona hayo akiwa amejificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Hata hivyo mashetani ya mpingo hayakutoka kwa mababu moja kwa moja, ingawa wauzaji wengi wa vinyago wamewaaminisha wanunuzi hivyo. Mwanzo wake ni wa juzi juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, alianza kuchonga viumbe visivyo watu wala wanyama, na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, akamtia moyo aendelee. Kabla ya hapo soko lilikuwa la binadamu: mwanamke na mtungi wake, mzee na fimbo yake. Masimulizi ya wachongaji husema kuwa mtindo huo mpya ulianzia kwenye kinyago kilichovunjika kiungo, ambacho mwenyewe alikwisha kukikatia tamaa. Naam, mtindo mzima ulioupa uchongaji wa Kimakonde jina duniani ulizaliwa na kosa ambalo mtu hakulitupa. Lilanga, aliyeanza kuchonga mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliukuta mlango huo uko wazi.

Aliwasili Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mtu mzima aliyekaribia miaka 40. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, karakana ambayo Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alikuwa ameianzisha ili vijana wasio na ajira wapate pa kujifunza kuchora, kuchonga na kutia rangi vitambaa. Kazi aliyopata Lilanga pale haikuwa ya usanii. Alikuwa mlinzi wa usiku. Mtu aliyekwisha kuchonga kwa miaka kumi alikabidhiwa mlango kuulinda, na ndani ya mlango ule zilikuwamo rangi, wino, ngozi na mabati ambayo hakuwahi kuyashika. Haukupita muda mrefu kabla waliokuwamo kung'amua kwamba mlinzi wao ni fundi, wakamwita ndani.

Kuanzia hapo ndipo Lilanga alipoanza lile jambo lililomtofautisha na Wamakonde wenzake wengi waliobaki na mpingo wao. Hakuenda kutafuta visa vipya. Alimchukua yule yule shetani wake, akawa anamhamisha kutoka kitu hadi kitu, kama mtu anayehamisha mche kutoka shamba hadi shamba ili aone utazaa nini.

Kwa mti, mchongaji huondoa tu. Hana la kuongeza. Shetani anayetoka kwenye gogo la mpingo hubanwa na gogo lenyewe: mikono humganda mwilini, magoti humfika kidevuni, na akitaka kunyoosha mguu hana budi kuupitisha mle mti uliporuhusu. Nusu ya vituko vya mashetani ya mpingo ni vituko vya mti. Lilanga alipopewa ngozi ya mbuzi iliyokaushwa na kuwambwa, gogo halikuwapo tena. Kulikuwa na uwanda mtupu na mstari wa wino, na ngozi ikishanyonya wino hairudishi. Shetani akanyoosha mikono kwa mara ya kwanza. Akapata mwenzake wa kusemezana naye, kisha wa tatu wa kuwadukiza, maana ngozi ina nafasi ya watu ambayo gogo haina.

Likaja bati. Mkasi wa bati haujui tumbo wala shavu. Unajua ukingo tu. Kiumbe wa bati hana undani, na asipotambulikana kwa kivuli chake hatambulikani kabisa. Ndipo masikio yalipotanuka yakawa bendera na vidole vikapunguzwa vikabaki viwili vitatu vilivyoachana, mwanga upite katikati yao. Si rahisi leo kusema ni alama ipi ilizaliwa kwenye mti na ipi kwenye chuma, kwa sababu kila alichojifunza hapa alikwenda nacho kule. Lakini atazamaye kwa makini hataona shida kuamini kwamba mikono iliyomkata shetani kwenye bati ilirudi kwenye mti ikiwa na ujuzi mwingine.

Halafu zikaja rangi. Mjini Dar es Salaam Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1972, alikuwa ameacha wanafunzi waliochora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo, rangi zing'aazo zilizotumika hata kupakia baiskeli. Lilanga aliichukua hadibodi na kopo la rangi, lakini mfano wa Tingatinga hakuuchukua. Tingatinga na wafuasi wake humpa chui au ndege nafasi yake, na nyuma yake huweka uwazi. Picha ya Lilanga haina uwazi. Mashetani yamejazana hadi pembeni, kiwiko cha huyu kimejaza kwapa la yule, na palipobaki tundu pametiwa vitone. Anayeyajua magogo ya ujamaa, yale yenye watu waliopandana na kushikana kutoka chini hadi juu, atautambua ule msongamano mara moja. Ni gogo la Kimakonde lililopasuliwa na kutandazwa. Kwa hiyo wanaomweka Lilanga katika orodha ya wachoraji wa Tingatinga, na ni wengi, wameangalia kopo la rangi wakasahau tezo. Wapo pia wakosoaji wa Ulaya na Marekani waliomfananisha na Keith Haring wa New York, ambaye alikuwa mtoto wakati Lilanga anachonga vinyago vyake vya kwanza. Hao nao waachwe na furaha yao.

Mwishowe, katika miaka ya baadaye, alirudi kwenye mti, na marejeo haya ndiyo kilele cha kazi yake. Hakurudi kwenye mpingo. Alirudi kwenye mti mwepesi, usio na heshima sokoni, akauchonga kisha akaupaka rangi kutoka utosini hadi unyayoni: ngozi ya buluu, kaptula nyekundu, madoa meupe, mistari ya njano. Kwa mchongaji wa Kimakonde aliyefunzwa kuusugua mpingo kwa msasa hadi ung'ae kwa weusi wake wenyewe, kuufunika mti kwa rangi ya kopo ni karibu na tusi. Lilanga alilitenda tusi hilo kwa raha. Mashetani hao wa mwisho wanasimama wima kwa miguu mirefu, mikono imepaa hewani kwa namna ambayo gogo la mpingo lisingeiruhusu kirahisi; wana ukingo wa bati, mstari wa wino, na tumbo la muhogo.

Hapa msomaji wa visiwani huenda akawa amekwisha kukunja uso, na ana haki. Kwake neno shetani si neno la kuchezea. Ni jina la aliyelaaniwa, ambaye mtu humkinga kwa kusoma kabla ya kulala, na sanamu ya chenye roho nayo ina mushkeli wake katika dini. Mafundi wa milango wa Unguja na Lamu walipotaka kuonesha ustadi wao hawakuchonga nyuso za watu. Walichonga maua, minyororo, mawimbi, na pengine samaki, na ndani ya mipaka hiyo wakafanya maajabu. Mtu aliyelelewa mbele ya milango hiyo akikutana na kundi la mashetani wenye meno nje, hawezi kulaumiwa kwa kurudi nyuma hatua moja.

Lakini lugha ni moja na mambo ni mengi. Shetani wa wachongaji si Ibilisi wa vitabuni. Ni jina la jumla lililopewa viumbe wa porini na wa mtoni, wengine wakorofi na wengine wapole. Na ukweli usemwe: visiwa vyenyewe vinawajua viumbe wa aina hiyo kwa majina na tabia zao. Kuna pepo wanaodai ubani, wanaodai nguo ya rangi fulani, na pepo wa kibuki wanaodai pombe kali katika miji ambayo wenyeji wake hawainywi hadharani. Fundi wa pepo kilingeni hamfukuzi mgeni huyo kwa ukali tu. Humbembeleza, humtania, humchezea ngoma yake. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu wazima walilala nje ya nyumba zao, kwa makundi, karibu na moto. Waliokuwapo wanakumbuka khofu. Wanakumbuka pia utani uliozuka pale pale nje, kwenye mikeka, kabla hata khofu haijaondoka, maana usiku ni mrefu na mtu hawezi kuogopa mfululizo hadi alfajiri.

Jambo hilo Lilanga alilijua bila ya kufika Pemba. Bara kuna desturi ya utani wa makabila, na mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Huja matangani akamdhihaki maiti, akalala mahali pa maiti, akawadai wafiwa pesa, na wafiwa, machozi bado yakiwatiririka, wakacheka. Hakuna anayedhani kwamba mtani hajui kuwa mtu amekufa. Mashetani ya Lilanga yana cheo hicho cha mtani. Yeye mwenyewe hakuyachora porini tu. Aliyaweka hospitalini, kwa mganga, kilabuni, kwenye ugomvi wa mume na mke, kwenye foleni. Yalifanya yote yanayofanywa na watu wa Dar es Salaam, kwa bidii ile ile na kwa matumaini yale yale, na kwa sababu yana masikio makubwa na vidole viwili, mtazamaji aliweza kuangalia umaskini, ulevi na maradhi bila kugeuza uso.

Picha zake nyingi zina majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima, na pengine mbili, zenye kulaumu, kunong'ona au kupiga umbeya. Wanunuzi wa ng'ambo hupewa tafsiri iliyofupishwa na hivyo hupoteza nusu ya kazi. Mwanamke wa pwani hahitaji tafsiri. Anaijua kanga, anajua kwamba maneno ya pindoni si maelezo ya maua yaliyo katikati, bali yana safari yao, na mwenye kuambiwa ameshajijua. Majina ya Lilanga yanafanya kazi hiyo. Mashetani wawili wanatazamana, na sentensi iliyoambatana nao humwangukia mtu wa tatu, ambaye ni yule aliyesimama mbele ya picha.

Yapo malalamiko yanayomfuata Lilanga, na si ya kupuuzwa: kwamba alikuwa akirudia. Shetani yule yule, tumbo lile lile, miaka nenda miaka rudi. Wapenzi wa ushairi watalielewa shtaka hili kuliko wengine, kwa sababu limewahi kuelekezwa kwao. Asiyejua shairi la Kiswahili hulalamika kwamba mshairi ana vina vile vile katika kila ubeti na kwamba kibwagizo hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kweli hakibadiliki. Kinachobadilika ni mishororo mitatu iliyokitangulia, na kila kibwagizo kinaporudi humkuta msikilizaji akiwa mahali pengine. Maneno yaliyokuwa salamu katika ubeti wa kwanza yaweza kuwa lawama katika wa tano, na kilio katika wa kumi, bila herufi moja kuguswa. Shetani wa Lilanga ni kibwagizo. Ngozi ni ubeti, bati ni ubeti, hadibodi ni ubeti, na mti uliopakwa rangi ni ubeti wa mwisho.

Kusema hivyo si kudai kwamba beti zote ni nzuri. Mshairi mwenye vina tayari hushawishika kuandika hata siku asiyokuwa na la kusema, na Lilanga naye alikuwa na siku hizo, tena nyingi. Tangu kazi zake zilipooneshwa Washington mwaka 1978 pamoja na za wasanii wengine wa Afrika, wanunuzi walizidi kumtafuta. Jean Pigozzi alizikusanya katika hazina yake huko Geneva. Zilifika Japani, Italia, Ujerumani. Na mwaka 2004 maonyesho makubwa ya Africa Remix yalipofunguliwa Düsseldorf, alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Dau likijaa abiria nahodha hana nafasi ya kuchagua upepo. Zipo picha zake ambazo rangi zimemwagwa kwa mazoea na mashetani yanacheka kwa sababu yameamriwa kucheka. Kuzisifu hizo kwa sababu ya jina lililo pembeni ni kumdhulumu aliyechora zile nyingine.

Na jina lenyewe la pembeni lina mashaka yake. Kadiri wateja walivyozidi ndivyo alivyozungukwa na jamaa na wanagenzi. Yeye akitoa umbo na mstari, wao wakijaza rangi na vitone. Magharibi, ambako picha huuzwa pamoja na mkono ulioichora, jambo hili limezua maswali mengi: ipi ni yake, ipi ya wanawe, ipi ya mtu asiyewahi hata kumwona. Uswahilini swali haliko hivyo kabisa. Mlango uliochongwa katika karakana hauulizwi ni kijana gani aliyetoboa ua la kushoto; ni mlango wa fundi fulani, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua utakavyokuwa. Hata hivyo wizi wa jina ni wizi popote, na waliotia sahihi ya Lilanga kwenye vitu ambavyo Lilanga hakuvijua waliwadhulumu khasa wale waliojifunza kwake kwa haki. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, ambaye naye ni msanii, aliendeleza mashetani ya babu kwa mkono wake na jina lake.

Kisukari kilimkuta akiwa katika kilele cha umaarufu. Ni ugonjwa unaojulikana vyema pwani. Huweza kuleta kidonda kidogo cha mguu ambacho hakiponi. Lilanga alikatwa miguu. Mchongaji wa Kimakonde hufanya kazi akiwa ameketi chini, gogo limebanwa kwa nyayo na magoti, tezo ikishuka karibu na vidole vyake mwenyewe. Miguu ni jiliwa lake. Mtu huyo alibaki na mikono, macho na kiti.

Ingetarajiwa kwamba sasa mashetani yatapata huzuni, au japo kuketi kitako wamwige bwana wao. Hayakufanya hivyo. Katika miaka yake ya mwisho nyumba ya Lilanga iliendelea kuyatoa kwa wingi, naye akichora mistari juu ya hadibodi huku wanagenzi wakifuata nyuma kwa makopo ya rangi. Hakuna barua wala hotuba aliyoiacha kueleza alivyohisi kila alipofika chini ya picha, mahali pa kuchora miguu. Iliyopo ni miguu yenyewe. Ni mirefu, ya buluu na ya chungwa, mingine imepanda juu ya mabega ya wengine, kisigino kimeinuka, vile vidole viwili vimeachana kama vya mtu anayekanyaga mchanga wa moto, na ngoma bado haijakatika.